Vipande Vitano Ndani ya Ndoo

Milango ya kabati ya kwanza aliichagua baba Thureya.
Myeupe, yang'aa hata waona haya kuishika,
chipbodi iliyovishwa ngozi ya plastiki
kama bibi harusi aliyeazima dhahabu.
Masika ya kwanza ikanyamaza.
Masika ya pili ikaanza kunywa, chini ya sinki,
ikafura kama kitumbua,
bawaba zikalia machozi rangi ya chai.

Yeye mwenyewe alikuwa keshaondoka.
(Sisemi kwa uchungu. Nataja tarehe tu.)

Zamu yangu ya chama ilipofika nikashuka Shimanzi.
Mwenye duka akanipangia mbao kama muuza vitambaa:
"Hii emdiefu, laini kama shavu, haikatai rangi.
Hii paini, mafundo yake ndiyo mapambo.
Hii plaiwudi ya kawaida, na hii ya boti,
gundi yake haina habari na maji.
Na hii mvule. Bei yake, dada, kaa kwanza."
Nikamwomba kila moja kipande cha kiganja.
"Vya nini?"
Vya kutosa.

Fundi Tsuma alicheka hadi tepu ikamponyoka:
"Mama Thureya, kabati haliogelei!"
La kwangu liliogelea, nikamwambia,
ni vile tu wewe hukuwako.

Ndoo, maji, chumvi viganja viwili,
maana hewa ya Tudor ni mchuzi uliokwisha ungwa.
Juu yake nikakandamiza jiwe la kusagia.
Siku tatu nikapika nikiwapa mgongo.

Asubuhi ya nne:
emdiefu imekuwa uji, nimeichota kwa kijiko;
chipbodi (nilimenya kipande cha mlango wa zamani,
nayo ionje) sikuiona tena, niliona unga;
paini imejipinda kama mtu akwepaye mdai;
plaiwudi ya kawaida imefunguka
tabaka tabaka, chapati iliyokandwa vizuri.
Ya boti imenuna tu.
Mvule umetoka mweusi kidogo, mzito,
na harufu yake ikaniketisha sakafuni.

Kabati la mama, Majengo, wavu mbele,
ufunguo kwenye pindo la leso,
na mkwaruzo wa kijiko nilioutia mimi
usiku nikizitafuta kashata.
Alipofariki, kaka zangu waliliuza mia saba.
Nasikia milango yake ni benchi sasa,
watu hukalia wakingoja gari zioshwe.

Nilipiga hesabu ya mvule mara tatu.
Mara zote tatu ilikula karo ya muhula wa pili.

Basi ya boti, fundi, na fomaika juu.
"Krimu," akasema, "krimu haichoshi."
Kijani, nikasema. Kijani cha ndizi mbichi.
Akaandika *krimu*. Nikakata kwa kalamu yangu.

Halafu nikamsimamia kama mkaguzi wa bandari:
ziba kingo, Tsuma. Zote nne,
hata ile ya chini isiyoonekana na mgeni.
Maji hayaingii kwa usoni.
Usoni kila kitu kizima, kinakuchekea;
huingia pembeni, tone kwa tone,
na siku utakayosikia mlango unakwama
huwa yamekaa humo miaka.
Akanitazama kidogo,
akachovya brashi, akarudia kingo
bila kuuliza tulikuwa tukizungumza nini.

Milango kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili fedha zilisema la,
bawaba za stenlesi zilizimaliza.
Hapo pa vyungu nimetundika leso,
jina lake: SINA HARAKA NYUMBA NI YANGU.
Thureya auliza mlango utakuja lini.
Namwambia soma hapo.

Na kile kipande cha mvule
nimekiweka chini ya kopo la chumvi.
Kila nikikoleza mchuzi
nakiinua, nakinusa,
nakirudisha.